Kuchagua Marathoni ya Kimataifa kwa Mkimbiaji Anayejinoa Tanga

Mkimbiaji wa Tanga anayetafuta marathoni ya kwanza nje ya nchi kwa kawaida huanza na swali la umaarufu: aende Boston, London au Berlin? Swali hilo lina nafasi yake, lakini lisitangulie. Kilomita 42.195 hukimbiwa asubuhi moja, ilhali maandalizi yake huchukua wiki 16 au zaidi, na karibu wiki hizo zote utazimalizia hapa nyumbani, kwenye barabara za Raskazone, Sahare, Pongwe na Pangani, ndani ya joto na unyevu wa pwani hii. Kwa hiyo jambo la kwanza la kulinganisha ni majira. Chukua tarehe ya mbio unazozitamani, rudi nyuma wiki 16, kisha utazame ni upepo gani utakuwa ukivuma Tanga katika miezi hiyo. Mbio ambazo maandalizi yake yanaangukia katika kusi si sawa na mbio zinazokulazimisha kujinoa katika kaskazi, na tofauti hiyo ina uzito kuliko jina la mji litakaloandikwa kwenye medali.

Mwongozo huu unalinganisha mbio saba za Abbott World Marathon Majors, yaani mfululizo wa marathoni kubwa za dunia, pamoja na chache zilizo nje ya mfululizo huo ambazo mtu wa pwani anapaswa kuzifikiria kwa uzito uleule. Mfululizo ulianza mwaka 2006 ukiwa na mbio tano, yaani Boston, London, Berlin, Chicago na New York. Tokyo iliingia mwaka 2013, na Sydney ikaongezwa kuanzia 2025.

Kuhesabu wiki kurudi nyuma

Marathoni ya Berlin hufanyika mwishoni mwa Septemba, na ya Chicago Jumapili ya pili ya Oktoba. Ukirudi nyuma wiki 16 kutoka Berlin unaangukia mwanzoni mwa Juni, masika yakiwa yamekatika na kusi imeshika. Hiyo ndiyo miezi bora kabisa ya kukimbia Tanga: alfajiri ya Julai joto huteremka hadi karibu nyuzi 20, upepo wa baharini haukatiki, na mbio ndefu ya kilomita 30 inaweza kuanza saa kumi na moja alfajiri na kwisha kabla jua halijawa adui. Maandalizi ya Chicago yanafuata kalenda hiyohiyo kwa kuchelewa wiki mbili au tatu. New York, inayokimbiwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, nayo inaingia katika kundi hili, ingawa wiki zake za mwisho, zile za Oktoba, huanza kupata joto na manyunyu ya vuli. Kwa kuwa wiki tatu za mwisho kabla ya marathoni ni za kupunguza mzigo wa mazoezi, kero hiyo inavumilika.

Sydney hukimbiwa mwishoni mwa Agosti, wakati majira ya baridi ya Australia yanapomalizika. Maandalizi yake huanza mapema Mei, mwezi ambao kwa kawaida Tanga hunyeshewa sana, hivyo wiki nne za kwanza zitakuwa za barabara zilizojaa maji na viatu visivyokauka, kisha mambo hunyooka.

Upande wa pili wa kalenda ni mgumu zaidi. Tokyo hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, Boston Jumatatu ya tatu ya Aprili, na London mwishoni mwa Aprili. Mtu anayejiandaa kwa mbio hizi kutoka Tanga hukimbia mbio zake ndefu zaidi katika Januari, Februari na Machi, kaskazi ikiwa imekomaa, joto la mchana likifika nyuzi 32 au 33 na usiku usiopoa. Jasho huupoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa imejaa mvuke wa bahari, jasho hudondoka bila kukauka, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi badala ya misuli, na moyo hupiga haraka kwa kasi ileile ambayo mwezi Julai uliiona nyepesi. Mwili huzoea joto ndani ya wiki mbili hivi kwa kuongeza maji ya damu na kuanza kutoa jasho mapema, na mazoea hayo ni faida hata ukienda kukimbia penye baridi. Hata hivyo, yapo mazoezi ambayo joto hilo huyaharibu, hasa yale ya kushikilia kasi ya mbio kwa kilomita 15 au 20 mfululizo, na bila mazoezi hayo marathoni hukukamata kilomita kumi za mwisho.

Kwa wakimbiaji Waislamu, ambao hapa Tanga ni wengi katika kila kikundi cha jogingi, Ramadhani haina budi kuingizwa katika hesabu tangu mwanzo. Mwezi huo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya jua. Mwaka 2026 ulianza katikati ya Februari, na mwaka 2027 unatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Maana yake ni kwamba, kwa miaka hii, kilele cha maandalizi ya Boston na London kinagongana na saumu, na Tokyo yenyewe huweza kuangukia ndani ya mwezi mtukufu. Wapo wanaofaulu kwa kukimbia baada ya tarawehe au kabla ya futari, na ninawaheshimu kwa dhati, lakini kwa mtu anayekwenda kukimbia marathoni yake ya kwanza ya nje, aliyetoa akiba ya miaka, ninashauri bila kusita achague mbio za Septemba hadi Novemba.

Njia za mbio na miguu iliyozoea tambarare

Baada ya majira, linganisha njia. Mji wetu ni tambarare na uko usawa wa bahari. Anayekimbia kutoka Chumbageni hadi Raskazone na kurudi hakutani na kilima cha kumtisha. Miguu ya Tanga, kwa hiyo, imefundishwa kurudia hatua ileile kwa saa nyingi, na hiyo ndiyo kazi inayodaiwa na Berlin. Njia ya Berlin haina tofauti ya hata mita 20 kati ya sehemu yake ya chini kabisa na ya juu kabisa, barabara zake ni pana, na hewa ya asubuhi ya Septemba kwa kawaida ni ya kufaa. Ndiyo sababu rekodi za dunia zimevunjwa hapo mara kwa mara: Paul Tergat mwaka 2003, Haile Gebrselassie mwaka 2007 na 2008, Dennis Kimetto mwaka 2014, na Eliud Kipchoge mwaka 2018 na tena 2022, aliposhusha muda hadi saa 2:01:09. Upande wa wanawake, Tigist Assefa alikimbia hapo kwa 2:11:53 mwaka 2023, na katika mbio hizohizo Magdalena Shauri wetu alimaliza wa tatu kwa 2:18:41 na kuweka rekodi ya taifa. Tahadhari moja ni kwamba hali ya hewa ya Septemba haina mkataba na mtu. Mwaka 2025 joto lilipanda na wengi walipunguza mwendo. Mtu wa Tanga, siku kama hiyo, ana nafuu kuliko wenyeji.

Chicago ni tambarare vilevile, huanzia na kuishia Grant Park, na ndiko Kelvin Kiptum alikokimbia kwa 2:00:35 mwezi Oktoba 2023. Nayo huweza kuwa na joto la ghafla: mwaka 2007 waandaaji walilazimika kuzisimamisha mbio zikiwa katikati kwa sababu hiyo.

London si tambarare kama Berlin lakini ni ya kasi, kwa kuwa kilomita za mwanzo kutoka Greenwich na Blackheath zinateremka, na vilima vilivyobaki ni vidogo. Mteremko huo wa mwanzo ni mtego kwa mtu aliyetoka kwenye joto, kwa sababu baridi ya Aprili itamfanya ajihisi hana uzito, mteremko utamsukuma, umati utamshangilia, na atakapovuka Tower Bridge karibu na nusu ya safari atakuwa ameshatumia nguvu za kilomita 30. Kabla ya kuondoka, amua kasi ya kilomita tano za mwanzo, iandike kwenye mkono, na uifuate hata ukipitwa na wazee.

New York inahitaji maandalizi ya aina nyingine. Inaanzia Staten Island kwa kupanda daraja la Verrazzano-Narrows, hupita katika wilaya zote tano za jiji, huvuka madaraja matano, na humalizia katika vilima vya Central Park ambavyo, baada ya kilomita 38, si vidogo tena. Zaidi ya watu 50,000 humaliza mbio hizi katika mwaka wa kawaida. Usitarajie muda bora wa maisha yako. Tarajia kupokelewa na watu barabara nzima, jambo ambalo kwa wakimbiaji wengi lina thamani kuliko dakika tano. Linalowasumbua wageni wa pwani ni kusubiri: washiriki hufikishwa uwanja wa kuanzia mapema, kisha huondoka kwa makundi kuanzia kama saa tatu asubuhi hadi karibu saa sita mchana, wengi wao wakiwa wamekaa nje kwenye baridi kwa saa kadhaa. Sweta na suruali ya mitumba inayotupwa dakika ya mwisho hutatua tatizo hilo, na nguo hizo hukusanywa kwa ajili ya wahitaji. Jambo jingine la kujua ni kwamba Marekani hurudisha saa nyuma kwa saa moja usiku uleule wa kuamkia mbio, hivyo hakikisha simu yako na saa ya mkononi zinasema jambo moja.

Boston inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu Watanzania tuna historia nayo na kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Ilianza mwaka 1897 na ndiyo marathoni ya kila mwaka yenye umri mkubwa zaidi duniani. Haizunguki, huanza katika mji mdogo wa Hopkinton na kwenda upande mmoja hadi katikati ya Boston, ikishuka kwa jumla ya takriban mita 140. Anayesoma takwimu hiyo peke yake hudhani ni njia rahisi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mteremko iko mwanzoni, ambako misuli ya mbele ya mapaja huchanika kidogo kidogo bila mkimbiaji kujua, kisha baada ya kilomita 26 huanza vilima vya Newton, na cha mwisho wake, Heartbreak Hill, hukusubiri ukiwa umepita kilomita 32. Juma Ikangaa alimaliza wa pili hapo miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya kwanza alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Katikati ya miaka hiyo, Novemba 1989, alishinda New York kwa 2:08:01. Gabriel Geay alikuwa wa pili Boston mwaka 2023, na Alphonce Simbu akawa wa pili mwaka 2025.

Kwa mkazi wa Tanga, kujiandaa kwa Boston bila kutoka mjini ni kujidanganya. Bahati yetu ni kwamba barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, yenye urefu wa kilomita 33 hivi, inapanda karibu mita 1,000, na ukiikimbia kwa kushuka inafundisha mapaja somo lilelile la Hopkinton. Anza na kilomita nane za mteremko, kwa mfano kutoka Lushoto kuelekea Soni, uache wiki mbili zipite, kisha uongeze. Barabara ni nyembamba na ina kona zisizoonyesha gari linalokuja, kwa hiyo kimbia asubuhi mapema, upande unaoyatazama magari, na usiende peke yako. Lushoto ina faida ya pili kwa mbio zozote za nchi za baridi: iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai ni za baridi kweli. Wikiendi mbili huko zitakuonyesha kama mikono yako hufa ganzi, kama tumbo lako hupokea maji ya baridi, na kama fulana yako inatosha. Maswali hayo hayafai kujibiwa siku ya mbio.

Tokyo huteremka katika kilomita za mwanzo kutoka Shinjuku, kisha hunyooka hadi karibu na stesheni kuu ya Tokyo. Ina kikomo cha saa saba, na barabara hufungwa kwa vituo, yaani mkimbiaji asiyefika kituo fulani kwa wakati uliopangwa huondolewa njiani. Berlin hukomea baada ya saa 6 na dakika 15, na Chicago baada ya saa 6 na dakika 30, wakati London huwavumilia zaidi wanaotembea. Anayekadiria kutumia saa sita au zaidi alitazame jambo hili kabla ya jingine lolote. Sydney huvuka Harbour Bridge mapema na kuishia kwenye Opera House. Ina mabonde na vilima vingi kuliko picha zake zinavyoonyesha.

Muda wa njia moja si kipimo cha njia nyingine

Wakimbiaji wengi hulinganisha mbio kwa kutazama muda wa washindi, au hupanga lengo lao kwa muda walioupata mahali pengine. Mfano wa nyumbani unatosha kuonyesha hatari yake. Desemba 2022 Geay alikimbia Valencia ya Hispania, njia tambarare na yenye hewa ya baridi, kwa 2:03:00, muda uliokuwa rekodi ya taifa. Miezi minne na nusu baadaye, akiwa mtu yuleyule na akiwa katika hali nzuri, alimaliza wa pili Boston kwa 2:06:04. Simbu naye alikimbia Boston ya Aprili 2025 kwa 2:05:04, kisha Septemba akawa bingwa wa dunia mjini Tokyo kwa 2:09:48, katika joto na unyevunyevu, akimshinda Amanal Petros wa Ujerumani ilhali wote wawili wameandikiwa muda uleule. Dakika karibu tano zinazotenganisha mbio hizo mbili zinatokana na hewa, na pia na namna mbio za ubingwa zinavyokimbiwa kwa kuviziana. Hazisemi kwamba alikuwa dhaifu siku aliyopata dhahabu.

Kwa hiyo, ukitaka kuvunja rekodi yako binafsi, chagua Berlin, Chicago au Valencia. Ukitaka muda unaotambulika kwa rekodi rasmi, kumbuka kwamba Boston haihesabiwi: kanuni za shirikisho la riadha duniani zinataka njia isishuke kwa zaidi ya mita moja kwa kila kilomita, na umbali kati ya mwanzo na mwisho usizidi nusu ya urefu wa mbio. Ndiyo maana muda wa 2:03:02 wa Geoffrey Mutai mwaka 2011, ingawa ulikuwa bora kuliko rekodi ya dunia ya wakati ule, haukuandikwa kuwa rekodi.

Namna ya kupata nafasi

Kufaulu mazoezi hakukupi namba ya kifuani. Mbio nyingi kubwa hugawa nafasi kwa kuchezesha droo, na maombi ni mengi mno: droo ya London ya mwaka 2026 ilipokea maombi zaidi ya milioni moja. Kila mbio ina dirisha lake. London hulifungua karibu na siku ya mbio zenyewe mwezi Aprili na kulifunga ndani ya siku chache. Tokyo hupokea maombi mwezi Agosti. Berlin na Chicago hufungua mara baada ya mbio zao, katika robo ya mwisho ya mwaka. New York hufungua mapema mwaka mpya. Kuomba droo zaidi ya moja si kosa, ila soma masharti ya malipo, kwa sababu baadhi, New York ikiwamo, hukata fedha kwenye kadi mara jina linapotoka. Omba benki yako ikuruhusu kulipia mtandaoni kwa fedha za kigeni kabla ya siku hiyo, na uhakikishe kiasi kipo. Ada ya mbio za Marekani kwa wageni hupita dola 200, nayo kwa kawaida hairudishwi.

Njia ya pili ni ya hisani, ambapo mkimbiaji hupewa nafasi kwa ahadi ya kukusanyia taasisi fulani kiasi kikubwa cha fedha. Kwa anayeishi Ulaya au Marekani ni njia nzuri, lakini kwa mtu wa Tanga kiasi hicho mara nyingi huzidi gharama yote ya safari, na siipendekezi isipokuwa una mwajiri au jamaa walio tayari kuchangia. Njia ya tatu ni wakala wa safari wanaouza namba pamoja na hoteli. Bei ni ya juu, lakini nafasi ni ya uhakika.

Boston ni tofauti, kwa kuwa nafasi zake nyingi hutolewa kwa muda uliokimbia. Kwa mbio za 2026 kiwango cha wanaume wa miaka 18 hadi 34 kilikuwa saa 2:55, na cha wanawake wa umri huo saa 3:25, uliopatikana kwenye njia iliyopimwa rasmi. Kufikia kiwango hakutoshi: kwa mbio za 2025, waliokubaliwa walikuwa wamekizidi kiwango cha umri wao kwa angalau dakika 6 na sekunde 51.

Viza na safari

Hapa ndipo ndoto nyingi hukwamia, na ndipo ninapoomba msomaji asome polepole. Namba ya mbio si viza, na hakuna ubalozi unaolazimika kuiheshimu. Kwa Berlin, Valencia, Paris au Amsterdam unahitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inayoombwa si mapema zaidi ya miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari inatakiwa kufikia angalau euro 30,000. Peleka barua ya kukubaliwa katika mbio, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, na kila kinachoonyesha kwamba una sababu ya kurudi Tanga. Viza ya Uingereza huombwa ndani ya miezi mitatu kabla ya safari. Kwa Marekani hali imebadilika: tangazo la rais wa nchi hiyo la Desemba 2025 liliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vikwazo vya viza, za utalii zikiwamo. Kabla ya kulipia chochote cha Boston, Chicago au New York, pata jibu la ubalozi wao Dar es Salaam kuhusu hali ilivyo siku hiyo.

Saa za kulala nazo ni gharama. Berlin mwezi Septemba iko nyuma yetu kwa saa moja tu, na London mwezi Aprili kwa saa mbili, hivyo kufika siku tatu kabla kunatosha. Tokyo iko mbele kwa saa sita, Sydney kwa saa saba, Boston iko nyuma kwa saa saba, na Chicago na New York kwa saa nane. Huko utahitaji karibu wiki nzima kwa usingizi kukaa sawa, na kila usiku wa ziada una bei yake ya hoteli.

Mbio za karibu

Kwa maoni yangu, mtu ambaye hajawahi kumaliza kilomita 42 asianze na ndege ya Ulaya. Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi mwishoni mwa Februari, ni basi la asubuhi moja tu kutoka Kange. Njia yake hupanda, na maandalizi yake ni ya kaskazi, lakini itakufundisha namna mwili unavyokwisha baada ya kilomita 30 bila kukugharimu viza. Nairobi hufikika kwa barabara kupitia Horohoro, ila jiji liko juu ya mita 1,600, na mkazi wa usawa wa bahari atapungukiwa pumzi. Apunguze kasi aliyoizoea tangu hatua ya kwanza.

Cape Town ni chaguo ninalolipa uzito mkubwa. Pasipoti ya Tanzania inaingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara fupi, mji uko usawa wa bahari kama wetu, na mbio zake zimo katika mchakato wa kutafuta kuingia katika mfululizo wa Majors. Kasoro yake ni upepo: mwaka 2025 mbio ziliahirishwa asubuhi ya siku yenyewe kwa sababu ya upepo mkali, na baada ya hapo zikahamishiwa mwezi Mei. Tarehe hiyo mpya ina maana kwamba maandalizi yake sasa yanapita katika kaskazi na masika, tofauti na ilivyokuwa zilipokuwa Oktoba.

Mumbai, Jumapili ya tatu ya Januari, haitajwi sana kwetu, na nadhani ni makosa. Ni mji wa bahari wenye unyevu, mbio huanza kabla jua halijachomoza, na Simbu alishinda huko mwaka 2017. Anayejinoa Tanga kuanzia Oktoba hadi Januari atakuwa amejiandaa kwa hewa ileile atakayoikuta, huku wageni wa nchi za baridi wakihangaika.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa mwenye miaka miwili ya kujiandaa ni huu: Kilimanjaro katika mwaka wa kwanza, kisha droo ya Berlin inapofunguliwa mwishoni mwa mwaka huo. Jina likitoka, panga Juni hadi Agosti yote kwa ajili yake, pamoja na wikiendi mbili za Lushoto, na upeleke maombi ya viza kabla ya Julai kwisha. Jina lisipotoka, akiba hiyohiyo inatosha Mumbai ya Januari inayofuata miaka hiyo miwili, na mazoezi ya kusi hayatapotea, kwa kuwa yatakuwa msingi wa wiki 16 zinazoanza mwishoni mwa Septemba.